Jinsi ya Kutembea Mwendo wa Nyumbu

Ukiwa mgeni wa jamaa zako Washington au Maryland, watakupeleka kuona majumba meupe na sanamu. Nenda, piga picha, kisha waombe siku moja ya mfereji. Wakikuuliza mfereji gani, waambie Chesapeake na Ohio. Wakisema hawana muda, hao ndio hasa wa kwenda nao.

Sharti la kwanza ni kuacha haraka nyumbani. Njia utakayoikanyaga ilitengenezewa nyumbu, wale wazaliwa wa punda na farasi, waliovuta matishari ya makaa ya mawe kwa kamba ndefu kutoka Cumberland hadi Georgetown, karibu kilomita 297. Walifanya kazi kwa zamu. Waliochoka walipumzika katika zizi lililokuwa ndani ya tishari lenyewe. Mara nyingi aliyewaswaga alikuwa mtoto wa nahodha, akitembea kutwa nzima. Mtu mzima mwenye viatu vizuri hana la kulalamika.

Anzia Great Falls, kwenye maporomoko ya mto Potomac, upande wa Maryland. Wapo watakaokuja wamejifunga kama wapanda Kilimanjaro, na wapo watakaokuja na kandambili. Kwa siku hiyo, waige wa kwanza.

Mbele ya nyumba kongwe nyeupe iitwayo Great Falls Tavern kuna chemba ya mawe yenye milango mikubwa ya mbao. Wengi huipita mbio wakikimbilia maporomoko. Usiwe mmoja wao. Tishari lililotoka juu liliingia humo, milango ikafungwa nyuma yake, mlinzi akafungua vilango vidogo, maji yakapungua na tishari likashuka nayo. Kisha milango ya mbele ikafunguliwa, safari ikaendelea. Injini hakuna. Milango hiyo hukutana kwa pembe inayoelekea maji yanakotoka, kwa hiyo kadiri maji yanavyoisukuma ndivyo inavyozidi kubana. Chemba ina upana wa mita 4.5 hivi, na matishari yalikuwa karibu upana huohuo. Nahodha alilazimika kulenga sawasawa. Inama uangalie kingo za mawe katika chemba za mfereji huu. Utaona mikwaruzo mirefu, laini, iliyochimbwa na kamba zilizosugua jiwe miaka nenda miaka rudi. Pitisha kidole humo. Chemba za namna hii ziko 74, na kwa jumla zilipandisha vyombo kiasi cha mita 184.

Sasa shuka na njia ya nyumbu, mfereji kushoto kwako, mto Potomac kulia, hadi uone kibao cha njia ya miguu iitwayo Billy Goat, sehemu A. Hapo utaacha njia bapa na kuingia kwenye majabali ya kisiwa cha Bear kwa kilomita 2.7 hivi, ukifuata alama za rangi ya buluu. Kuna mahali utapanda mwamba wa kama mita 15 kwa mikono na miguu. Simu iweke mfukoni. Picha ya bonde la mto liitwalo Mather itakusubiri juu. Fuata mwelekeo wa mto, kwa maana anayekuja kinyume anawabana wenzake pembezoni mwa genge. Mbwa haruhusiwi sehemu hii, hata awe mpole namna gani. Na usiingie majini kuogelea. Potomac hapa huonekana umetulia huku chini unavuta, na umeshaua waogeleaji hodari.

Ukitoka majabalini, rudi kwa njia ya nyumbu kukamilisha mzunguko. Utapita Widewater, ambapo wajenzi waliutumia mkondo wa kale wa mto badala ya kuchimba. Hapo kaa. Kobe huota jua juu ya magogo, na korongo wa kijivu husimama bila kutikisika akivizia samaki. Hakuna darasa bora la subira.

Ukiwa umekaa, wasimulie wenzako. Tarehe 4 Julai 1828 Rais John Quincy Adams alipiga sepeto la kwanza la kuuchimba mfereji huu, likagonga mzizi. Akavua koti akaendelea. Siku hiyohiyo, Baltimore, reli iliyoshindana nao ilianza kujengwa. Treni ilifika Cumberland mwaka 1842, mfereji mwaka 1850. Mto Ohio, uliomo katika jina la mfereji, haukufikiwa kamwe. Mafuriko ya 1924 yalimaliza biashara iliyokuwa tayari hoi.

Kisha yakaja mapendekezo ya kupitisha barabara ya magari humu. Mwaka 1954 gazeti la Washington Post liliunga mkono wazo hilo. Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya Marekani akawaalika wahariri waje watembee naye kutoka Cumberland kabla hawajahukumu. Walikuja. Safari ilichukua siku nane, wengi wakaishia njiani, lakini gazeti lilibadili msimamo. Barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa.

Kwa hiyo mfereji huu uliokolewa kwa miguu, na unastahili miguu yako kwa saa chache. Beba maji ya kutosha, beba na mfuko wa taka, na kila ulichoingia nacho utoke nacho.