Kopo la Diski Ambazo Bado Zina Nguvu

Kwenye karakana yangu ya mageti na magrili, huku Mbagala, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa diski za grainda zilizokwisha. Leo nasema zilizokwisha. Enzi zile ungeniuliza ningekujibu kwamba bado zina nguvu. Diski mpya ya kukatia, ya inchi nne na nusu, ni kitu cha kupendeza: nyembamba, milimita moja tu, na karatasi yake ina rangi. Zangu zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye karatasi, maandishi yamekwenda na cheche, imebaki pete ya bati katikati na nyama kidogo pembeni. Ungeweza kuzishonea koti zikawa vifungo.

Ubahili huu niliurithi kwa mzee aliyenifundisha kazi. Akikuona umetupa diski anaiokota, anaipuliza vumbi, anaiinua juani kama sonara na kito, halafu anakuuliza, "Kwani kwenu mnachimba diski?" Nilipofungua karakana yangu nikachukua kijana wa kazi, yeye Dogo mimi Bosi, na swali hilo nikamkabidhi hata kabla sijamwonyesha choo kiko wapi.

Tatizo ni kwamba diski ikiisha, mashine inazunguka vile vile, lakini ukingo wa diski unakwenda polepole, maana duara limekuwa dogo. Haikati tena, inalalamika. Basi unaikandamiza. Mashine inachemka, kaboni zinaisha, unakwenda dukani kununua kaboni. Nilinunua kaboni nyingi mwaka ule. Nililaumu umeme, nikalaumu waliotengeneza mashine, na jioni nikajipongeza kwa kubana matumizi ya diski.

Ujinga ulikamilika siku niliyopita kwa jirani yangu anayekata vyuma vizito. Yeye anatumia grainda kubwa, ya inchi tisa. Diski yake ikishakatakata mihimili na kubaki kama inchi tano, anaitupa. Anaitupa! Nikaokota sita.

"Za nini hizo, fundi?"

"Watoto wanachezea."

Nilipofika nikaijaribu moja. Shimo la katikati ni lile lile la milimita 22, ikaingia kama pete ya ndoa. Ila ilikuwa inagusa kava, basi nikalitoa kava. Kusema kweli, kwangu kava la grainda lilikuwa kama nailoni ya kochi jipya: unaliacha siku mbili tatu majirani waone, kisha unalibandua ukae kwa raha.

Dogo ana tabia ya kusoma. Kidato cha nne kimemkaa, hakijamtoka. Akainama kwenye karatasi ya ile diski.

"Bosi, hii imeandikwa mizunguko 6,600 kwa dakika. Mashine yetu imeandikwa 11,000."

"Si itakwenda mbio zaidi? Hiyo ni faida."

"Imeandikwa pia mwisho mita 80 kwa sekunde." Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la benchi. "Hiyo kilomita 288 kwa saa, Bosi. Treni ya SGR ya kwenda Dodoma inakimbia 160."

Nikamwambia treni haikati chuma, ashike tepu anipimie.

Nilikuwa nakata skwea paipu. Nimeiegemeza kwenye tofali upande mmoja, upande wa pili nimeikanyaga kwa mguu wenye kandambili, machoni nimevaa miwani ya jua niliyouziwa na machinga kwenye foleni. Mkato ulipokaribia kuisha, paipu ikalala kwa uzito wake yenyewe, mdomo wa mkato ukafumba, ukaibana diski. Wenzangu mnaijua sekunde hiyo. Mashine inageuka mbuzi, inataka kurudi ilikotoka, na ilikotoka ni kifuani kwako.

Sikusikia mlipuko. Nilisikia "pa!", kama mtu amekanyaga glasi, na mkononi nikabaki na grainda inayozunguka haina kitu. Kipande kimoja kilitoboa bati la uzio, kimo cha kichwa cha Dogo. Dogo alikuwa ameinama. Tepu ilimponyoka, akawa anaiokota. Tepu ile ilikuwa mbovu, hairudi ndani, na kwa wiki tatu alikuwa ananiomba tununue nyingine.

Kipande cha pili kilivuka barabara. Ng'ambo kuna mama ntilie, na sufuria lake la maharage lilikuwa mekoni tangu alfajiri. Lililia ngo! kama kengele ya shule, kisha likaanza kumwaga mchuzi kupitia ubavuni, taratibu, kwa mstari mmoja mwembamba. Yeye hakupiga kelele. Alichota kwa upawa, akakuta kipande cha diski na ule wavu wake wa nyuzi unaning'inia kama ndevu, akavuka nacho barabara akiwa amekishika mbele yake.

"Fundi, kiungo gani hiki umenitilia?"

Nilishindwa kumjibu kwa sababu jicho lilishaanza kuwasha. Mafundi wenzangu walikusanyika na ushauri. Mmoja akasema kiazi kibichi. Mwingine akaapa kwamba dawa ni matone ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Mama anayenyonyesha wa karibu alikuwa mke wa mwenye nyumba wangu, na mumewe alikuwa ananidai kodi ya miezi miwili. Nikaona bora hospitali, ambako nilikwenda kesho yake, jicho jekundu kama pilipili.

Daktari akaniwekea dawa ya ganzi, akanikalisha kidevu kwenye kifaa cha taa. Punje ya chuma imekaa kwenye kioo cha jicho, akasema, na imeshaacha pete ya kutu. Usiku mmoja tu! Geti langu mwenyewe linachukua mwezi.

"Ulivaa miwani?"

"Nilivaa, daktari."

"Ya aina gani?"

"Ya jua."

Akachukua sindano, akaniambia nitazame mbele, nisipepese. Ukitaka kujua maana ya kutulia, sogezewa ncha ya sindano jichoni na mtu anayehema taratibu.

Niliporudi nikamkuta Dogo amelimwaga kopo lote mezani, anasoma zile pete za katikati. Kumbe kwenye bati la pete hugongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumia, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe, maana gundi inayoshika punje inachoka, na unyevu unaimaliza. Kopo langu lilikaa chini ya paa linalovuja, masika matatu. Diski moja ilikuwa imeisha muda wake 2016.

"Bosi, hii mimi nilikuwa shule ya msingi."

Nilinunua tepu, miwani ya kazi miwili, na sufuria. Kava nililitafuta siku mbili, nikalikuta nje, kuku wa jirani wanalinywea maji. Kopo alilichukua mama ntilie kama sehemu ya fidia, anapimia mchele. Bado nakula kwake mchana, ila hanipakulii kabla ya kunitazama mikono na kuuliza, "Leo umefunga diski ya nani?"