Ndita za Ukoo

Karatasi ya maelekezo unayopewa kliniki baada ya kuchomwa Botox imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kichwa chake ni chake peke yake. Usiguse wala kusugua ulipochomwa. Usilale wala kuinama kwa saa nne. Usifunge kitu cha kubana kichwani. Usifanye kazi nzito wala mazoezi mpaka kesho. Epuka joto kali, mvuke na sauna. Mtu wa namna hiyo yupo, sina shaka. Anakaa ghorofani, ana kiyoyozi, na mama yake mzazi yuko mkoani. Mimi nakaa Magomeni, nyumba ya familia, mwezi Februari, wakati Dar es Salaam nzima ni sauna ambayo hakuna aliyelipa kiingilio.

Kilichonipeleka ni harusi ya mpwa wangu. Daktari alisema dawa huanza kushika baada ya siku chache na hukamilika kwa kama wiki mbili, kwa hiyo anayetaka paji laini kwenye picha asimfuate mkesha wa sherehe. Kwenda mapema hakukunipa shida. Shida ilikuwa hizo saa nne. Katika sijda viungo saba hugusa chini, na cha kwanza kutajwa ni paji la uso. Nikamwendea Shangazi kwa siri. Akasema mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi. Kisha akanitazama vizuri. "Lakini ndita si ugonjwa, mwanangu." Basi tukapiga hesabu wawili sisi: sindano saa mbili asubuhi, saa nne zinaisha saa sita, adhuhuri inanikuta mtu huru.

Sindano zenyewe hazina hadithi ndefu. Ni vijichomo kadhaa katikati ya nyusi na juu yake, unafumba macho, unakumbuka dhambi zako, kwisha. Vinabaki vivimbe vidogo ambavyo hutulia kwa muda wa nusu saa hivi. Ila daktari akaniongezea kazi ambayo haikuwemo kwenye karatasi: kwa saa ya kwanza niwe nakunja uso na kuukunjua, ili dawa iingie vizuri kwenye misuli yenyewe.

Nikapanda bajaji kutoka Masaki, tumepatana elfu saba, nikaanza kutekeleza. Nakunja. Nakunjua. Nakunja. Kijana ananichungulia kwenye kioo. Tulipovuka daraja la Salenda akasema, "Basi, mama, leta elfu sita." Sikujibu, nilikuwa nakunja. Magomeni alipokea elfu tano na kuniamkia upya. Kumbe uso uliokunjwa vizuri una thamani ya shilingi elfu mbili, safari moja.

Nyumbani nilimkuta Mama barazani na ungo wa mchele. Mama hahitaji kuvaa miwani ili kuona jambo lisilomhusu.

"Umefanya nini hapo?"

"Si kitu, Mama."

"Si kitu ina madoa matano?" Na tayari mkono ulishaingia chini ya mkeka, ukatoka na ile chupa ya mafuta ya karafuu. Kwa Mama hakuna ugonjwa usiosikia karafuu, na hakuna karafuu inayofanya kazi bila kukandwa kwa kidole gumba mpaka mgonjwa atoe machozi. "Sogea nikukande."

Sasa hapo ndipo palipokatazwa. Ukisugua, dawa inaweza kusambaa mpaka kwenye msuli unaonyanyua kope, na kope ikilegea huchukua wiki kadhaa kurudi mahali pake. Lakini nani alishawahi kumwambia mama yake mzazi asimguse? Nikarudi nyuma hatua moja. Mama akanyanyuka. Nikauzunguka ungo. Mama naye akauzunguka, kifuniko kishafunguliwa.

Aliyeniokoa ni baba watoto, na hakukusudia. Alikuwa kwenye kochi na simu yake, anasoma kwa sauti kuhusu hicho alichokilipia. "Hii sumu inatoka kwa bakteria. Wanasema mwaka 1895 huko Ubelgiji, wapiga muziki walikula paja la nguruwe baada ya mazishi, watatu wakafa, ndipo mtaalamu mmoja akambaini huyo mdudu."

Chupa ikasimama hewani. "Nguruwe? Msibani?"

Nikajitahidi kueleza. Kwamba nguruwe hayumo, siku hizi hutengenezwa maabara. Kwamba kipimo ni kidogo mno, na kazi yake ni kuzuia neva isipeleke amri ya kukaza msuli. Mama alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. Akafunga kifuniko, akaivuta kanga yake karibu, akasema, "Wewe usiniguse."

Baba watoto akajaribu kusawazisha. Akasoma kuhusu mtu na mkewe kule Vancouver, Kanada: mke daktari wa macho, mume wa ngozi. Mwaka 1987 mke alikuwa akimtibu kwa dawa hiyo mgonjwa ambaye kope zake hujifumba zenyewe, na mgonjwa akagundua kuwa kila akichomwa, sura yake inatulia. Wakaijaribu kwa dada wa mapokezi wa kliniki yao.

"Wa mapokezi?" Mama akarudi kwenye mchele wake. "Huyo sawa. Huyo alihitaji."

Zilizobaki katika zile saa nne nilizitumia kugundua kuwa nyumba yetu haina kazi ya kufanywa wima. Fagio la chelewa linataka uiname. Jiko la mkaa linataka uiname. Beseni la nguo halina huruma kabisa. Nikasimama katikati ya ua, mtandio umelegezwa mpaka unateleza mabegani, nikaelekeza kwa kidole. Wifi akauliza kama nimepandishwa cheo.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilisujudu taratibu, paji likagusa mswala kwa adabu, na nilipoinuka kope zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Nikamshukuru Mungu, nikadhani mambo ya uangalizi yameisha.

Ndita zikaanza kuondoka mwisho wa wiki hiyo. Nazo ziliondoka na kazi zake zote. Zamani nikitaka mtoto azime televisheni, nilikuwa namtazama tu. Sasa namtazama, naye ananitazama, tunatazamana kwa amani. "Mama, umekasirika?" anauliza, kwa kutaka kujua kweli. Baba watoto, ambaye kwa miaka yote alikuwa anasoma hali ya nyumba mlangoni kabla hajavua viatu, akawa hana pa kusoma. Kwa tahadhari akaanza kuosha vyombo. Hilo sikulilalamikia.

Balaa lilikuwa kwenye kamati ya harusi. Mimi ndiye mweka hazina, na sikuchaguliwa kwa kujua hesabu. Nilichaguliwa kwa uso. Mtu aliyeahidi laki mbili akiniona mlangoni, alikuwa anatoa simu mfukoni kabla sijafungua daftari. Kikao kilichofuata nikaingia na paji lililonyooka, nikasoma majina ya wadaiwa, nikawakazia macho kama kawaida. Hakuna kilichokunjika.

"Mweka hazina leo kapendeza!" akasema mdaiwa wa kwanza. "Ana nuru! Dada, nitarusha jioni."

"Mwezi umekaa vibaya," akasema wa pili, akajiongezea soda.

Watu wakaeleza shida zao mpaka nikaombwa mkopo.

Kikao cha baadaye nilimleta Shangazi, nikamkalisha kando yangu. Shangazi ana ndita za ukoo wetu zote, hazijapunguzwa hata moja. Hakusema neno. Katikati ya kikao akasinzia, ndita zake hazikusinzia, na M-Pesa ikaanza kuingia mfululizo. Mwisho alidai posho ya kikao na nauli, na wajumbe wote wakapitisha haraka bila mjadala.

Wiki mbili zilipotimia nikarudi kliniki kukaguliwa. Daktari akaniambia ninyanyue nyusi, nifumbe macho, nitabasamu. Akafurahia kazi yake. Akasema hali hii hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha misuli hurudi kukunja taratibu. Nikauliza kama inaweza kurudishwa mapema, hata kwa wiki moja tu. Akasema hakuna dawa ya kuharakisha, ni kusubiri. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Akafungua faili. Kope kulegea? Hakuna. Kuona vitu viwili viwili? Hakuna. Shida ya kumeza, kuongea au kupumua? Hakuna, hayo, alinikumbusha, hayasubiri miadi, ni kukimbilia hospitali hapo hapo.

"Madhara mengine yoyote?"

"Milioni mbili na laki nne, daktari. Ahadi ambazo hazijalipwa."

Akanitazama usoni muda mrefu kuona kama natania. Hakuona kitu. Akaandika: "Hakuna."