Sifa za Kompyuta Iliyogoma Kupanda Cheo

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo imewafaa sana wauza magari, wauza simu na wapanga harusi, huku kikuukuu kikikosa mtu wa kukisemea. Leo nakisemea mimi. Ninayotaka kuipamba kwa sifa ni ile kompyuta ya mezani iliyofika Mombasa ndani ya kontena ikitokea ofisi fulani ya Uingereza, ikabandikwa jina la eksi-UK, ikauzwa Nairobi, ikapakiwa kwenye matatu na kushushwa Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Sasa imetulia katika saiba iliyo kando ya barabara ya Namanga, katikati ya kinyozi na muuza vifuniko vya simu. Rangi yake ilikuwa nyeusi kabla vumbi halijatoa uamuzi tofauti. Ndani yake mna Windows 7. Jirani yake, ambayo ni changa kidogo, ina Windows 10. Zote mbili zimeambiwa zipande hadi 11, na zote mbili zimegoma.

Hukumu ya uzee wao haikutolewa Kitengela. Ilitolewa Redmond, katika jimbo la Washington, yaliko makao ya Microsoft. Windows 7, iliyozaliwa Oktoba 2009, iliachwa mkono tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, ya Julai 2015, ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Maana ya kuachwa mkono ni kwamba ufa mpya ukigunduliwa kwenye mfumo, hauzibwi tena. Dawa iliyoandikwa ni Windows 11, nayo ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, ila pana mtihani mlangoni: RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa isiyo ya kale, ambayo kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, cha mwaka 2017 na baadaye. Microsoft ilitoa hata programu ndogo ya kuipima kompyuta afya. Mnunuzi wa mifugo sokoni Kajiado naye hufanya hivyo hivyo: humfungua ng'ombe mdomo akahesabu meno, asiulize kama mnyama huyo amekuja kutoka Bissil kwa miguu yake mwenyewe. Kompyuta yetu ni Core i5 ya kizazi cha 3. Meno yamehesabiwa, na kazi inayofanya tangu asubuhi haikuulizwa.

Tuanze na uaminifu wao. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama mkutanoni akawaambia watu kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Miaka sita baadaye wakubwa wake wakatangaza ya 11. Katika mkasa huo wote, aliyeshika neno ni ile mashine ya pembeni yenye Windows 10 peke yake. Na sisi wa Kajiado si wageni wa mambo ya kupandishwa cheo. Mwaka 2019 reli ya kisasa ilipita Rongai na Ngong kwa fahari kubwa, ikaenda ikaishia karibu na Suswa. Ile reli kongwe ya geji ya mita inayotoka Konza, ikapita Kajiado mjini kwenda kuchukua magadi kule Magadi, ipo tangu enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, na sijasikia imeomba kupandishwa popote.

Sasa subira yake. Iwashe asubuhi, uende ukanywe chai, ulipie, urudi. Utaikuta ingali inakukaribisha kwa yale maua yake ya rangi nne. Watu wasiojua hulalamika. Wanaojua wameona kwamba muda huo ndio uliobaki wa majirani kujuana katika mji unaokua kwa kasi hii. Sensa ya 2019 iliihesabia Kaunti ya Kajiado watu 1,117,840, na wengi wa Kitengela walikuja jana kutoka kwingine: huyu anafanya kazi viwandani Athi River, yule anapanda matatu kwenda Nairobi kabla ya jogoo. Wangekutana wapi kama si mbele ya skrini inayofikiria?

"Mzee, itafunguka tu, ngoja kidogo," kijana wa saiba husema.

"Sina haraka, kijana wangu," mzee hujibu, na kabla ukurasa haujafunguka ameshamweleza mama aliyekaa karibu naye kuhusu ploti ya 50 kwa 100 iliyoko upande wa Isinya, hati iko tayari, maji yako karibu, ila njia mvua ikinyesha ni ya Mungu.

Subira hiyo hufikia kilele tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi za KRA. Siku hiyo foleni hutoka mlangoni ikampita kinyozi. Na hapa niseme jambo ambalo wapenda mambo mapya hulipuuza: mwenye saiba hagomi kwa ujinga. Anajua kwamba fomu ya Excel ya iTax hutaka makro ziwashwe ndipo ikubali kukaguliwa na kutoa faili ya zip ya kupakia. Fomu hiyo na ile Excel yake ya miaka hiyo zimezoeana. Zikitenganishwa mwezi wa Juni, nani atazipatanisha? Fundi amemshauri aweke Linux Mint, mfumo wa bure ambao hauna shida na mashine nzee. Ushauri mzuri. Mwenye saiba amemshukuru, amemlipa soda, kisha amemuuliza kama makro zitakubali. Fundi akainywa soda.

Wapo wanaosema kompyuta hizi ni hatari. Nawajibu kwa historia. Mei 2017 programu haramu iitwayo WannaCry ilifunga mamia ya maelfu ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na wengi wa wahanga walikuwa na Windows 7 isiyosasishwa, ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Wezi walidai dola 300 kwa kila mashine. Dola 300! Mashine yetu nzima, na kibodi yake iliyofutika herufi, na kipanya, na kiti cha plastiki kilicho mbele yake, haikaribii bei hiyo. Huo si wizi, ni heshima. Kisha tarehe 19 Julai 2024 zikaanguka takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Zilizoanguka hazikuwa za wazembe. Zilikuwa za wenye bidii, waliolipia ulinzi wa CrowdStrike na kupokea sasisho bovu alfajiri na mapema. Kitengela hatukupokea kitu.

Virusi tulivyo navyo ni vya nyumbani. Kile cha kwenye flash, kinachoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato zisizofika popote, tumekaa nacho miaka mingi, kijana wa saiba anajua kukitoa kwa shilingi hamsini, na kesho yake kitarudi kwa mteja mwingine. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hata adui mkubwa anapokuja, mashine hii huleta usawa. Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yaliiangusha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwa siku hizo kompyuta ya laki moja iliyoko ofisini Upper Hill na hii ya kwetu zilionyesha kitu kilekile, nacho ni kutokuonyesha kitu.

Lakini sifa yake iliyo kuu, ile ambayo ningeiandikia utenzi kama ningekuwa na vina vya kutosha, ni ukarimu. Fungua folda ya Downloads. Usiogope, haina nywila. Utakuta nakala za vitambulisho, mbele na nyuma. Utakuta vyeti vya PIN ya KRA, vyeti vya kuzaliwa, barua za HELB, picha za pasipoti za watoto wanaojiunga na shule, na wasifu wa kazi wa nusu ya mtaa. Hati za mashamba zimo, zimepigwa skani vizuri, namba zote zinasomeka. Mkataba wa kuuza ploti umo pia, ule mmoja ambao umetumika tangu saiba ifunguliwe: hubadilishwa majina, namba ya ploti na bei, na pengine ukurasa wa tatu hubaki na jina la mnunuzi wa mwaka juzi, ambaye kwa hiyo ana haki fulani juu ya mashamba mengi asiyoyajua. Bonyeza sehemu ya kuingia eCitizen na kompyuta itakupendekezea, kwa upole, akaunti za watu kumi na tano, kila moja na nywila yake tayari. Ukisahau yako, huenda ukaridhika na ya mwingine.

Mwezi Mei 2024 Microsoft ilitangaza kwa shangwe kwamba kompyuta zake mpya kabisa zingekuwa na uwezo uitwao Recall, wa kupiga picha ya skrini kila baada ya muda mfupi ili mwenyewe aweze kukumbuka kila alichokifanya. Dunia ikapiga kelele kuhusu faragha, na kampuni ikaahirisha. Sisi tulishangaa kelele zilikuwa za nini. Kompyuta yetu hukumbuka kila mtu alichofanya, na haikuhitaji akili unde wala prosesa mpya. Ilihitaji tu watu wasifute. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kuna ofisi ya kamishna wa kuisimamia tangu mwaka uliofuata, lakini tuwe waungwana: Windows 7 ilizaliwa miaka kumi kabla ya sheria hiyo. Mkubwa huamkiwa, haamkii.

Na hapo ndipo busara ya mwenye saiba inapong'aa. Gharama ya kupandisha mfumo ni yake, papo hapo, kwa shilingi. Hasara ya kutopandisha ni ya wateja, siku nyingine, kila mtu kivyake, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba mkopo uliochukuliwa kwa jina lake ulianzia kwenye kiti cha plastiki cha Kitengela. Mhasibu gani angemshauri vinginevyo? Microsoft ilimtengea mwenye Windows 10 mwaka mmoja zaidi wa viraka, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni. Dola 30 ni kama shilingi 3,900. Kwa shilingi kumi kwa ukurasa, hizo ni kurasa 390 za kuchapisha, na hapo hujatoa karatasi, wino wala stima. Ile njia ya bure inadai Windows halali, na hapa tuangalie pembeni kwa adabu. Kwenye kona ya chini ya skrini yapo maandishi hafifu yanayoomba mfumo uwezeshwe. Yamekaa hapo muda mrefu hata wateja hudhani ni jina la saiba.

Yupo pia fundi wa pili, kijana, mwenye flash inayoweza kuiweka Windows 11 kwenye mashine yoyote kwa kuuruka ule mtihani wa meno. Anafanya kwa ada nafuu, na inafanya kazi. Microsoft imesema tu kwamba haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, kwa hiyo mteja wake hupata sura mpya, menyu iliyohamia katikati, na mashaka yaleyale ya zamani. Namheshimu kijana huyu. Amegundua jinsi ya kupandisha cheo bila kubadilisha mshahara.

Kivinjari nacho kimeanza kulalamika. Chrome iliacha kusasishwa kwenye Windows 7 mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likawa la mwisho, na tangu hapo kurasa nyingine hufunguka nusu, nyingine hukataa kabisa. Kijana wa saiba ana jibu: zikikataa, anatumia simu yake. Kwa hiyo mteja hukaa mbele ya kompyuta, kijana hukaa na simu, na malipo hubaki ya kompyuta.

Hata hivyo siku yake itafika, na wala hatutaitupa. Kituo cha kuchakata taka za elektroniki kipo Nairobi, lakini Nairobi iko kaskazini, na kompyuta zetu huzeeka kuelekea kusini. Ikichoka Kitengela itauzwa kwa mwenye duka la vifaa vya shule Isinya. Ikichoka Isinya itakwenda Kajiado mjini kuandika barua za watu karibu na ofisi za kaunti. Huenda ikapata likizo fupi kama msaada kwa shule ya msingi, na hotuba, na kitambaa cha mezani. Kisha Bissil, siku za soko. Kisha Namanga. Na ikifika mpakani, afisa akiuliza kitambulisho, haitababaika: inavyo vya Kitengela nzima, mbele na nyuma.