Utukufu wa Pancha

Meli zimeimbiwa, treni imeimbiwa, mabasi ya mikoani yana nyimbo zake. Pancha haina hata ubeti mmoja. Katika Usukuma nzima, ambako manju wawili wakikutana uwanjani hushindana kusifia jembe, ng'ombe, chatu na hata fisi, sijapata kumsikia aliyesimama akalisifia tundu la mpira wa baiskeli. Wanaolitaja hulitukana. Mimi nimepita njia ya kutoka Shinyanga hadi Nkome peke yangu, hema limefungwa kwenye karia, na nimeona si haki mtenda mema mkubwa hivyo akose wakili.

Kwanza umtazame huyo anayepatwa. Msafiri wa baiskeli wa masafa marefu ana kiburi cha aina yake. Amebeba nyumba yake, jiko lake, maji yake, na ramani anayo kwenye simu. Watoto wakimkimbilia hupunga mkono na kupita. Ukimuuliza anakwenda na nani, anajibu "peke yangu" kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. Ameipita Tinde, ameipita Kahama, na kote huko hajasema zaidi ya mwangaluka, mwadila na bei gani.

Kisha tairi la nyuma linalegea. Mara nyingi ni la nyuma, maana ndilo lililobeba nyumba. Anashuka. Kuanzia hapo anatembea kwa miguu na wenzake, anasukuma mzigo, na kila anayepishana naye anaujua ugonjwa wake kwa jina. Kuna viongozi wetu wengi ambao kuwavua cheo kunahitaji tume, vikao na miaka. Mwiba humaliza kazi hiyo kabla hujahesabu kumi, wala haudai posho.

Tena wasiojua hudhani mwiba huo umeangukia njiani kwa bahati tu. Mwiba wa Shinyanga una historia, na una wafadhili. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vya huku vilipigwa vita rasmi. Charles Swynnerton, Mwingereza aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika na kuweka makao yake Shinyanga, alishirikiana na watemi kuwatoa watu kwa maelfu wakafyeka na kuchoma pori ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka, na miti ikaendelea kukatwa hata baada ya mbung'o kusahauliwa. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kwa jina la jangwa. Mwenye baiskeli wa miaka ile, nadhani, alikula raha.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wakaanza na vitalu vya miche, hadi walipotambua kwamba wazee walikuwa na dawa yao tangu zamani: ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili nyasi na miti vipate nafuu, ng'ombe wakaingizwa kiangazi kikikaza. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudia uhai, na mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Equator na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Sasa niulize: miti iliyochipuka yenyewe ikaleta sifa hiyo ni miti gani? Si mipapai. Ni migunga, na ni mtundulu, ambao mwiba wake ni kitawi kizima kilichochongoka, kigumu cha kutosha kuyapenya makatambuga. Kwa hiyo ukichomwa maeneo ya Tinde, funga mdomo na uvue kofia. Umetobolewa na mafanikio ya taifa, na pancha yako ina tuzo ya kimataifa.

Ukipita Kakola na migodi ya Bulyanhulu, ukaingia Geita, pancha inabadili kabila. Huku mchokozi ni uzi wa chuma uliotoka kwenye tairi la lori lililopasuka, mwembamba kuliko sindano, unaoingia bila kubisha hodi. Macho hayauoni. Hupatikana kwa kupitisha kidole ndani ya tairi polepole mpaka kiumie. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, husaga mwamba kwa tani ili upate gramu chache za dhahabu katika kila tani, na wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara kwa tamaa hiyo hiyo. Fundi baiskeli wa kando ya barabara hufanya uchenjuaji wake kwa kidole gumba, na hajawahi kuombewa msamaha wa kodi.

Kwa fundi huyo nataka nikae kidogo. Alikuwa chini ya mwembe, njia ya Nzera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwiba au waya?"

Hakuuliza natoka wapi, wala nafanya kazi gani, wala kwa nini mtu mwenye nauli ya basi anajitesa hivi. Akaipindua baiskeli magurudumu juu, akaingiza vijiko viwili vya chakula vilivyopondwa bapa, akachomoa tyubu. Hapo ikawa shida. Valvu yangu ilikuwa ile nyembamba ya kigeni, na pampu yake, iliyolea kizazi baada ya kizazi cha Phoenix, ikakataa kuishika. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakajiunda kuwa kamati. Ikaamuliwa itumike pampu yangu mwenyewe, ile ndogo niliyoinunua kwa kusifiwa wepesi wake, na vijana wakaisukuma kwa zamu huku wakicheka, maana kila pigo lilitoa pumzi ya kuku. Tyubu ikapitishwa kwenye karai la maji pande baada ya pande, mapovu yakaonekana, njiti ya kiberiti ikachomekwa kuweka alama. Ikakaushwa, ikasuguliwa kwa msasa, ikapakwa solusheni. Fundi akapuliza mara mbili, akaiweka pembeni.

Halafu tukangoja. Hapa ndipo pancha inapowazidi walimu wote, kwa kuwa solusheni haina haraka na haikubali rushwa. Wakati inakauka niliambiwa ni kisima kipi kina maji matamu na kipi kina chumvi, kivuko kipi cha mto kimeharibika, mwenyekiti wa kijiji kinachofuata ni mtu wa namna gani na asisumbuliwe saa ngapi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na karanga akaacha kupita. Mtoto akaleta kigoda, nikapewa mimi. Ramani ya simu ilikuwa imenionyesha barabara siku zote hizo, na haikuwa imenionyesha mtu hata mmoja. Sitaitaja ile methali ya haraka. Fundi naye hakuitaja.

Wanaokwenda kwa kundi hawaijui neema hii. Wale wa Twende Butiama, wanaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli kila mwaka kumkumbuka Mwalimu, wana wenzao wa kuwashikia pampu. Nawaheshimu sana, lakini pancha yao ni ya familia, inazibwa ndani kwa ndani. Pancha ya mpweke ni ya hadhara.

Na kulala je? Hema katika nchi hii si jambo dogo. Mtu mzima, jua linazama, ameacha nyumba za watu anatafuta kichaka, ana mfuko wa nailoni na taa ya kufunga kichwani: wewe mwenyewe ungemdhania nini? Jeshi la jadi la sungusungu lilizaliwa huku huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa mifugo, na halikuzaliwa ili kuwatakia wageni usiku mwema. Mwenye tairi zima atatakiwa ajieleze. Aonyeshe kitambulisho, atafutwe mtendaji, aulizwe kama ni mwizi wa ng'ombe, mumiani, au, ambalo ukanda wa dhahabu ndilo baya zaidi, kama ametumwa na wenye leseni kuja kupima mashamba ya watu.

Mwenye pancha haulizwi. Anasimama penye mji wa mtu, baiskeli imekaa upande, na mashtaka yote yanafutwa papo hapo. Hakuna mwizi anayetoroka kwa kusukuma. Mwenye mji aliyenipokea hivyo alilizunguka hema langu, akalibonyeza kwa fimbo, akauliza, "Kijana, hiki kitambaa ndicho kitakachomzuia fisi?" Bila kungoja jibu akaamuru lihamishwe kati ya zizi na nyumba, na mama akatuma ugali na maziwa ya mgando. Kambi nilizozichagua mwenyewe kwa akili zangu zilikuwa na siafu, mteremko, au vyote viwili. Kambi bora ilichaguliwa na mtundulu.

Wazungu, tuwape haki yao, walitambua mapema faida ya pancha. Robert Thomson wa Scotland alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, na halikushika. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akalibuni upya mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Lakini tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye rimu, na mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alipofika na pancha kwenye kiwanda cha ndugu Michelin pale Clermont-Ferrand, kuliziba kulichukua saa kadhaa na usiku mzima wa kukausha gundi. Pancha hiyo ndiyo iliyozaa tairi la kuvuliwa. Mwaka 1891 Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, kama kilomita 1,200, chini ya siku tatu. Mwaka uliofuata Michelin wakaandaa mbio zao wenyewe, na inasimuliwa kwamba barabarani zilimwagwa misumari makusudi, ili dunia ione pancha zinavyozibwa upesi. Nani mwingine amemwalika adui yake sherehe ya harusi?

Mfano wa kinyume ni Thomas Stevens. Kati ya mwaka 1884 na 1886 alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, ile ya gurudumu kubwa mbele, yenye mpira mgumu usio na upepo. Hakuna upepo, hakuna pancha. Mwaka 1889 gazeti la New York World likamtuma huku kwetu Afrika Mashariki kumtafuta Stanley. Naona ilimstahili: mtu amezunguka dunia bila pancha, sharti atumwe akatafute watu.

Leo wapo wanaotaka kuturudisha kwa Stevens. Wameleta matairi yenye maji meupe ndani. Mwiba ukiingia, tundu linajiziba kabla mwenyewe hajajua kama amechomwa. Wanaliita hilo maendeleo. Fundi wa chini ya mwembe ale nini, hawasemi, na mimi nitalala wapi hawakunishauri.

Kutoka Nzera hadi Nkome sikupata kitu. Nilitegea changarawe, nikapita kando kando penye miiba, bure. Nikafika mwaloni tairi zote mbili zimejaa ndi. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, watu wa kivuko cha Chato wanapakia, wavuvi wanashona nyavu, na hakuna aliyeinua kichwa. Baada ya muda mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa akanitazama mimi, mifuko, hema.

"Wewe ni wa mradi gani?"

"Sina mradi, mama. Natembea tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Huyo wa madini," kijana aliyekuwa nyuma yake akasema, bila kuuacha wavu wake.

"Mtaanza kupima lini?" mama akauliza.

Nikainama, nikaitazama valvu ya nyuma, nikaanza kuifungua.