Mabega Yamesifiwa vya Kutosha

Hapa Cheyo ukitaka sifa, uwe na mabega. Ndiyo Tabora tena, mji wa njia ya misafara: kila mgeni lazima asimuliwe wapagazi wa Kinyamwezi, mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi, kwa miguu miezi kama mitatu kati ya huku na Bagamoyo. Sawa, walikuwa wanaume. Lakini mizigo ile ilifungwa na nini? Bega halifungi kamba!

Nina sababu ya kununa. Kifuniko cha chupa ya asali kimegandia, nimekizungusha mpaka jasho, na mke wangu ananitazama kwa ile huruma inayouma kuliko tusi. Mpwa wangu, anayesomea udaktari, badala ya kupokea chupa akapokea mkono wangu.

"Mjomba, vidole vyako havina msuli hata mmoja."

Kumbe ndivyo tulivyo sote. Misuli minene ya kukunja vidole imekaa huku juu, kati ya kiwiko na kifundo, inavivuta kwa kano ndefu. Kiganjani imebaki midogo, ya kazi za ustadi. Bana kidole gumba na cha shahada uone: mgongoni mwa kiganja, katikati ya vidole hivyo, panavimba. Huo ndio msuli wa kukazia ufunguo. Pale penye mnofu chini ya gumba pana mingine, na mmoja wapo hukigeuza gumba kikatazamana na wenzake. Ukilegea huo, kifungo cha shati kinakushinda, na kete za bao utaziokota kwa aibu. Tena iko minne inayoitwa lumbrikali, haijashika mfupa wowote, imejishikiza kwenye kano tu!

Mingi ya midogo hiyo hupata amri kwa neva moja inayopita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo maana ukigonga kiwiko, kidole cha mwisho ndicho kinachopigwa shoti. Hata fundi umeme wa mtaani kwetu asingepitisha waya pale.

Somo lote hilo, na chupa haijafunguka. Mke wangu akamwagia kifuniko maji ya moto, akakizungusha kwa kitambaa, kikaachia. Kisha akatusogezea ungo wa karanga.

"Haya Baba Neema, hiyo midogo imenye."

Hatujafika hata nusu, daktari wangu akakumbuka ana zamu hospitali.