Mpima Pembe wa Mtongwe

Mtoto akishazijua pembe, jihadhari na macho yake. Mpwa wangu wa gredi ya nne alikuja kwetu Mtongwe likizo ya Agosti na kitabu ambacho pembe zake zilikuwa zimelala karatasini kama samaki wa jana. Nikaamua kumfundishia nje.

Tukaanzia kivukoni Likoni. Mlango wa feri ukishushwa ukalala sawa na sakafu, hizo ni nyuzi 180; ukianza kunyanyuliwa, pembe butu. Mteremko wa gati na ardhi, pembe kali. Akaelewa upesi, ila alisimama katikati ya umati kunionyesha, na mkokoteni wa viazi ukanipita juu ya kidole gumba cha mguu. Saa ya ukutani nayo ilitugombanisha: mimi saa tatu, yeye saa tisa. Tukatoka sare, maana zote ni nyuzi 90.

Balaa lilikuja baada ya swala ya Magharibi. Babu yake, ambaye mgongo wake umebeba magunia bandarini Kilindini ujana mzima, hajamaliza hata kukunja mswala, kijana kamwendea.

"Babu, rukuu yako ni pembe butu. Ustadhi asema mgongo ulale. Mjomba asema hapo ni nyuzi tisini."

Mzee akamtazama. "Na wewe ulokuwa wanipima, swala yako yafaa?" Kisha akanigeukia mimi, na usiku ule chai yangu sikuiona.

Fundi aliyekuwa akitujengea jiko hakuwa na jibu la busara kama la Babu. Mafundi wenyewe ndio hupima kona kwa kamba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari lazima utoke futi 5 kamili. Mtoto akapima, mshazari ukazidi 5. "Mjomba, kona hii ni butu."

"Ukuta ukikauka utajinyoosha," fundi akasema, akapokea pesa zake, akaenda zake.

Ukuta umekauka. Kabati tumelisukuma pembeni, na nyuma yake paka wa jirani amezalia.

Basi msomaji, ukiwa na ujenzi nyumbani na una mtoto wa gredi ya nne, mlete kwenye kazi saruji ingali mbichi. Ila wakati wa swala, mpange safu ya mbele kabisa.