Shikamooni kutoka Ghorofani

Kanzu ya mshenga imerudishwa kwa dobi mara ya pili na doa bado lipo. Nimeambiwa hivyo leo asubuhi ngazini na Mama Nasra, ambaye tangu Jumamosi ananisalimia akiiangalia shingo yangu.

Jumamosi hiyo wageni walikuja kwake kuleta posa ya binti yake. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa joto hili la Januari hakuna mtu mzima anayekaa sebuleni bila feni, basi mikeka na viti vikatolewa uani, kwenye kivuli pekee tulichonacho hapa Sinza: kile cha roshani yangu. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimeinamia vyungu na ndoo zangu, kopo la maji mkononi, nikiyahuisha maua kabla kaskazi haijayamaliza. Nikamimina lita nzima kwenye chungu cha asumini. Maji yakaingia juu, yakatokea chini, yote, papo hapo, ila sasa yana rangi ya samadi ya ng'ombe. Nikafurahi. Kumbe mmea ulikuwa na kiu! Nikaongeza lita nyingine.

Chini, mshenga alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa amefika pale pa kusema kwamba wamepita njia, wakaona ua zuri kwenye bustani ya nyumba hii, wakaja kuliomba. Bustani ikamjibu kutoka juu.

Nilipochungulia, nyuso zote zilikuwa zimeinuka kunitazama, na katikati yake mzee mwenye kofia ya viua, maji yakimchuruzika kutoka sikioni hadi kifuani, mkononi ameshika barua ya posa iliyofungwa kwenye kitambaa kilichokuwa cheupe. Malezi yakanizidi nguvu.

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema.

Naye kalelewa. "Marahaba," akajibu, huku akipangusa jicho.

"Baba Zuu," Mama Nasra akaniita, kwa upole wa kutisha, "hebu zima hiyo mvua yako, baba."

Posa imekubaliwa, nashukuru, ingawa nasikia upande wa bwana harusi unataka gharama za dobi zikatwe kwenye mahari.

Sasa, wote wamenihukumu mimi. Hakuna aliyeuhoji udongo. Udongo wa kwenye chungu si ule wa shambani. Tunauchanganya wenyewe: samadi, mboji, pumba za mpunga, usumba wa nazi, mchanga kidogo. Ukiwa na unyevu hunyonya maji bila matata. Ukiachwa ukauke mpaka moyoni hubadilika tabia kabisa. Majani na mizizi iliyooza ndani yake huacha vitu vyenye asili ya nta, na nta hiyo hupaka chembe za udongo. Zikikauka sana, tone la maji huviringika juu yake kama juu ya jani la mgimbi. Isitoshe, udongo mkavu hunywea, ukajitenga na kuta za chungu, pakabaki ufa mwembamba kuzunguka pande zote. Maji hayana haja ya ubishi. Yakikuta ufa hushuka nao, huzoa samadi njiani, hutokea kwenye tundu la chini, na mzizi ulioko katikati hubaki vumbini huku mwenye bustani akijisifu kwamba amemwagilia. Usiku ule nilikipindua chungu cha asumini kwenye beseni. Nje tope, ndani unga mkavu wa kupuliza! Nilikaa sakafuni nikiutazama kwa muda ambao haumfai mtu mwenye familia.

Dawa yake ni kukizamisha chungu kizima kwenye beseni la maji na kukiacha. Viputo vya hewa huanza kupanda, vingi kwanza, kisha kimoja kimoja, na vikikoma ujue udongo umeshiba. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ya kumwagilia husaidia pia, kwani sabuni huulegeza ule mvutano unaoyafanya maji yajikunje kuwa matone. Zuu alipoamka usiku kwenda msalani alinikuta nimeinamia beseni nahesabu viputo. Alirudi kulala bila kuuliza kitu, na hadi leo hajauliza.

Tena kuna chungu chenyewe. Sehemu kubwa ya bustani yangu imo kwenye ndoo nyeusi za rangi ya kupaka ukuta, kwa sababu mafundi huziacha bure. Ndoo nyeusi ikipigwa na jua la alasiri hupata moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, na mizizi ndiyo iliyolalia ukuta huo. Mzizi wa mti ulioko ardhini hauyajui mateso haya. Kwake kuna ubaridi mchana kutwa. Chungu cha udongo uliochomwa kina akili nyingine. Kinapitisha maji polepole kwenye kuta zake, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Ni kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na mtungi wa bibi pembeni mwa jiko, na si kazi ndogo: kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto karibu mara nane ya lile la kuichemsha kutoka kwenye hali ya chumbani. Kwa hiyo chungu hupoa. Kwa hiyo pia chungu hunywa, asubuhi na jioni, na hapo ndipo unapojuana na mwenye boza.

Mengine yalikuwa madogo. Neti ya kivuli ilipeperushwa na kaskazi na sasa inafunika banda la kuku la jirani wa mtaa wa pili, ambaye hajui ni yangu, au anajua. Kiroba cha samadi kilipasukia kwenye bajaji. Kunguru walichomoa usumba wote wakajengee kiota. Nyanya zilitoa maua mengi na hazikuzaa, kwani usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi chavua hudhoofika na maua hupukutika. Waridi la jangwani, lililoumbwa na ghala la maji shinani ili livumilie ukame, lilikufa kwa kumwagiliwa.

Ila kuna jambo halinichekeshi. Kwa nini mtu alime kwenye ndoo? Uani kwetu palikuwa na mwembe na ardhi. Mwenye nyumba aliukata, akasema majani yanachafua mazingira, akafunika kila shubiri kwa matofali ya pevingi. Matofali hayo hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku madirishani mwetu, ndipo wapangaji wanaodaiwa kodi ya miezi sita wanatakiwa watafute na pesa za kiyoyozi. Mvua za masika hazina pa kuzama, zinahamia sebuleni kwa watu wa bondeni. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, kila nyumba ilijifunza kutunza maji ya kuoshea mchele, na bado hatukuacha hata futi moja ya ardhi ya kupokea mvua ikija. Mimi ninanunua udongo, kwa kiroba, kandokando ya barabara, katika nchi yenye udongo tele, kwa sababu udongo niliokuwa nao umefukiwa chini ya miguu yangu na ninaulipia kodi.

Mwezi uliopita mwenye nyumba alikiri kwamba ua umekosa kijani. Akatandika nyasi za plastiki juu ya pevingi. Plastiki juani hupata moto kuliko pevingi yenyewe. Watoto walicheza juu yake kidogo tu, wakarudi wakirukaruka kwa nyayo. Tangu hapo ameagiza nyasi zipozwe. Saa saba mchana mlinzi anavuta mpira kutoka kwenye tangi letu la pamoja, anamwagilia zulia, na bili inagawanywa kwa wapangaji wote. Nilipopinga, nilijibiwa kwamba wapangaji wa jengo hili tunajulikana kwa kuchezea maji.